Chumvi Hutiwa Mwisho

Horohoro,
6 Agosti 1955

Kwa dada yangu Mastura binti Kombo, Nguvumali, Tanga.

Shikamoo dada. Nimefika salama na kazi ya geti nimekabidhiwa: kusimamisha malori yaendayo na yatokayo Mombasa, kutazama mzigo, kuandika, kuruhusu. Nimepewa chumba kimoja cha bati. Jirani yangu ni askari aitwaye Asheri, Mshambaa wa Mlalo, Mlutheri, mtu mpole.

La Jumatatu umekwisha kulisikia, maana Nguvumali mtu akikohoa nyumba hii hupewa pole nyumba ya nne. Yote uliyoambiwa ni kweli. Ilikuwa siku ya nne mfululizo Mboni ananiwekea matembele bila hata dagaa mmoja. Nikasema mimi si mbuzi nile majani. Yeye akasema bahari iko palepale, nikavue. Neno likanitoka. Ni talaka moja, dada, moja tu. Kesho yake asubuhi nikapanda lori, kwa kuwa uhamisho wangu ulikuwa umekwisha kuandikwa.

Sasa sikiliza na usicheke. Huku samaki hawafiki ila wakiwa wameharibika. Nyama ipo, lakini mchinjaji simjui dini yake wala kisu chake, na mimi kibudu sili. Hoteli hakuna. Siku nne nimeishi kwa mkate mkavu na chai ya Asheri. Nina sufuria moja, kisu kimoja, kata ya maji na mafiga matatu. Wadigo wa hapa huniletea muhogo, matembele, mbaazi na nazi, navitazama navyo vinanitazama. Maishani mwangu sijapata kuwasha moto wa kupikia.

Nifundishe kupika, kwa maneno ya kumfundisha mtu asiyejua kitu. Na Mboni asijue, nakuomba sana. Atafurahi kupita kiasi.

Nduguyo,
Idarusi

*

Nguvumali,
11 Agosti 1955

Ndugu yangu Idarusi,

Marahaba. Nimecheka, utanisamehe. Nilipomaliza kucheka nikakasirika, kwa hiyo anza na hasira.

Ulimi uliponza kichwa. Mtu mzima wewe, umeoa miaka tisa, unamwacha mke kwa ajili ya matembele! Mboni yumo nyumbani mwako, anakaa eda yake humo kama sheria isemavyo, na mimi nalala naye asikae peke yake. Hajasema neno baya juu yako. Hilo ndilo linitialo hofu. Mke anayemlalamikia mumewe bado ana haja naye.

Haya, upishi. Anza na muhogo. Uonje kwanza ungali mbichi, kipande kama ukucha. Ukiwa mchungu tema, utupe wote, huo si wa kuchemsha. Ukiwa mtamu, ukate vipande vya urefu wa kiganja. Pasua ganda kwa urefu, ingiza kisu chini yake, livue lote kama soksi. Upasue katikati utoe ule uzi. Osha, tia sufuriani, maji yaufunike, chochea moto. Ukiudunga kisu kikaingia bila kubishana, umeiva. Tia chumvi, mwaga maji yaliyobaki, funika kidogo, kula.

Ukiweza huo, fanya matembele. Chuma ncha changa tu. Osha kwa maji matatu, maana mchanga haupikiki. Katakata. Weka maji kidogo sana sufuriani, kitunguu na nyanya, kisha majani. Usifunike, yatageuka rangi. Koroga mara mbili tu, ndivyo afanyavyo. Nimekosea kuandika: ndivyo nifanyavyo.

Andika unaendeleaje.

Dada yako,
Mastura

*

Horohoro,
20 Agosti 1955

Shikamoo dada Mastura,

Muhogo nimeuweza. Nimeula siku sita, na mtu akinitajia muhogo sasa nitamnyima ruhusa ya kupita getini.

Matembele yamenishinda. Nilifanya yote uliyosema. Majani yalijaa sufuria mpaka yakamwagika pembeni, nami nikayatilia chumvi kwa kadiri ya wingi wake. Nikageuka kuchochea moto. Kutazama tena, rundo lote limekuwa konzi moja chini ya sufuria, na chumvi yote imo humohumo. Asheri alionja kwa adabu. Akameza, akanywa kata mbili za maji, akasema kwao chakula cha namna hiyo huwapa ng'ombe walambe.

Tena naona ajabu, dada. Sikujua u mpishi hivi. Marehemu mama alikukataza hata kukoroga uji, kwa kuwa uliuunguza kila mara.

Nina ombi. Nazi ninazo lakini sina cha kukunia. Nitumie ile mbuzi iliyo nyuma ya mlango wa jikoni. Juzi Asheri alinisikia nikimwambia dereva wa basi kuwa nataka mbuzi kutoka Tanga, nikaondoka kwenda kazini. Kurudi, nakuta amenijengea zizi nyuma ya chumba, la miti mizuri, na mlango wake. Kwao milimani nazi hawazijui, na mbuzi wamjuaye ni yule alaye majani. Nikamweleza kuwa yetu ni kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno. Akauliza kwa nini basi tunakiita mbuzi. Zizi lingali limesimama.

Mboni hajambo?

Idarusi

*

Nguvumali,
28 Agosti 1955

Ndugu yangu,

Marahaba. Kosa la chumvi ni langu, sikukwambia. Chumvi hutiwa mwisho, sufuria ikishateremshwa. Majani mabichi hudanganya, huonekana mengi. Yaache yanywee, teremsha, weka kidogo kiganjani, onja, ndipo utie. Wewe una tabia ya kutia kabla hujajua kilichomo. Sisemi matembele peke yake.

Mbuzi sikutumii. Si yako, wala si yangu. Ni ya marehemu mama yake Mboni, na Mboni alikuja nayo siku ya harusi. Miaka tisa hukujua jiko lina milango mingapi, leo unajua mbuzi iko nyuma ya upi?

Asiye na mbuzi hufanya hivi. Vunja nazi, chokoa nyama yake kwa kisu, ikatekate vipande vidogo kabisa, uitwange juu ya jiwe safi kwa jiwe jingine mpaka ilegee. Tia maji ya vuguvugu, fikicha, kamua kwa kitambaa. Hilo ni tui zito, liweke kando kwenye kifuu. Tia maji tena, kamua. Hilo ni tui jepesi.

Sasa mbaazi. Ziloweke tangu jana yake. Zichemshe kwa maji matupu mpaka ukizibonyeza zikubali. Tia kitunguu, bizari kama unayo, na tui jepesi, zichemke nalo. Mwisho tui zito. Hapo usiende popote, usitazame lori, usizungumze na Asheri. Koroga polepole upande mmoja mpaka lishikane, maana likichemka bila kukorogwa hukatika. Teremsha. Chumvi umeshajua.

Umeuliza Mboni hajambo. Hajambo. Anashona, anasali, anakaa. Siku zinakwenda, ndugu yangu. Fikiri.

Mastura

*

Horohoro,
17 Septemba 1955

Shikamoo dada,

Mbaazi za kwanza ziliungua. Za pili tui lilikatika kwa sababu lori la vitunguu lilipiga honi. Za tatu, dada, nilikula nikakwangua sufuria. Asheri alisonga ugali, akala nami, akauliza lini tena. Naye amenifundisha la kwao: karanga zilizotwangwa badala ya nazi, katika majani ya kunde. Si mbaya. Nimepanda na matembele nyuma ya chumba, pale maji ya kuogea yanapotokea.

Umesema siku zinakwenda. Kweli, mbaazi mpya zimekwisha, sasa wanaleta kavu kabisa, nazo zataka kulowekwa zaidi.

Kuna jambo nataka kukwambia kisha tuliache. Ninamjua mtu mmoja tu ateremshaye sufuria kwanza, akaweka kidogo kiganjani, akaonja, ndipo akatia chumvi. Miaka tisa alifanya hivyo mbele ya macho yangu, nami nilikuwa nikingoja sahani. Sikuulizi nani anakusomea mapishi. Mwambie tu huyo mtu kuwa kupika ni kazi. Nilidhani moto ndio upikao.

Naona haya, dada. Nikikumbuka lile neno la mbuzi na majani naona haya hata nikiwa peke yangu.

Nina shauri langu. Sikwambii, kwa maana siri kwako ni maji katika tenga. Utaliona Maulidi.

Idarusi

*

Nguvumali,
14 Oktoba 1955

Idarusi,

Naandika kwa ufupi. Eda ya Mboni imekwisha juzi Jumatano. Jana amefunga vitu vyake, na mbuzi ya mama yake, amehamia kwa ami yake, Mzee Kombo, yule somo wa baba yetu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ufunguo wa nyumba yako ninao mimi.

Nilikwambia siku zinakwenda. Ukanijibu habari za mbaazi kavu.

Leo asubuhi ameingia mjumbe kwa Mzee Kombo, ameleta posa ya mfanyabiashara mmoja wa Maramba, mwenye duka na ng'ombe. Naona alikuwa akihesabu kuliko wewe.

Mastura

*

Horohoro,
17 Oktoba 1955

Dada Mastura, shikamoo,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Imekwishaje? Kalenda ya ofisini niliitia alama kwa wino mwekundu: talaka tarehe mosi Agosti, miezi mitatu, mwisho tarehe mosi Novemba. Nilikuwa nije Maulidi, siku tatu kabla. Nimwambie akae, nimpikie matembele na mbaazi kwa mkono wangu, ale, kisha nimrejee mbele yako na mbele ya ami yake. Hilo ndilo lilikuwa shauri langu. Nilitaka aone kwanza, ndipo asikie.

Jana nilikwenda kumwuliza mwalimu wa msikiti wa hapa. Akaniuliza kama mke wangu ni mtu wa kuona siku zake. Nikasema ndiyo. Akasema basi eda yake ni twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya siku zake, si miezi mitatu, na ya kwanza ilikuwa imekwisha kuanza siku ile nilipotamka. Miezi mitatu ni ya mwanamke aliyekwisha kukatikiwa na siku zake. Dada, chuoni tulifundishwa yote mawili, nami nikashika lile jepesi. Nimezoea kuandika malori. Nilimhesabu mke wangu kwa kalenda ya malori.

Neno moja tu la kumrejea lilitosha, hata kwa barua. Nililiweka nikingoja lipendeze.

Sasa sina haki ya kumrejea, nina haki ya kuomba tu, kama huyo wa Maramba. Basi naomba. Nenda kwa Mzee Kombo, upeleke posa yangu. Mwambie Mboni mahari ni aitakayo yeye. Asiponitaka nitakuwa nimestahili, lakini niambie mapema, nisikae nikitazama kila basi.

Nampenda, dada. Sikupata kuliandika neno hili popote.

Idarusi

*

Nguvumali,
21 Oktoba 1955

Ndugu yangu,

Marahaba. Nimekwenda. Mzee Kombo alininywesha kahawa vikombe vitatu kabla ya kunijibu, akitaka nione uchungu wake, nami nikauona. Kisha akasema hatamlazimisha mtoto wa ndugu yake, ajibu mwenyewe.

Nikamsomea Mboni barua yako yote, mpaka ule mstari wa mwisho. Alikunja nguo aliyokuwa akishona. Kisha akasema mahari yake ni mbuzi mmoja, hataki kingine, na umlete mwenyewe. Akaingia ndani. Sikuweza kujua kama anacheka au analia, maana alinipa mgongo.

Wa Maramba ameambiwa angoje jibu mpaka Ijumaa baada ya Maulidi, tarehe 4 Novemba. Nawe siku ni hiyohiyo. Safari hii usihesabu, njoo.

Mastura

*

Horohoro,
26 Oktoba 1955

Shikamoo dada,

Mbuzi nimempata. Ni beberu mweupe, mnene, mwenye doa jeusi juu ya jicho, nimeelewana na Mdigo mmoja wa bondeni. Asheri amefurahi kuliko mimi. Amesema alijua tangu Agosti kuwa zizi halikujengwa bure, na sasa namwonea haya kwa jinsi nilivyomcheka.

Mbuzi mwenyewe usiku wa kwanza alivunja mlango akala matembele yangu yote, na kamba ya nguo. Asubuhi nimekuta vikonyo. Nilikaa juu ya jiwe nikamtazama akitafuna, nikakumbuka maneno yangu ya Agosti, nikamwachia amalizie.

Mwambie Mboni mbuzi wake anakuja. Natafuta gari litakalokubali kumpakia.

Idarusi

*

Nguvumali,
29 Oktoba 1955

Kwa Idarusi bin Kombo, getini Horohoro.

Asalamu alaikum. Dada Mastura amenisomea barua yako ya beberu, na imenibidi niandike mwenyewe.

Nilisema mbuzi moja. Dada yako amekuongezea m. Anajua kuandika lakini hajui kusikiliza, na wewe karani hukushangaa mimi niliyekupikia majani nitake beberu wa nini. Mrudishe kwa mwenyewe kabla hajala paa la Asheri.

Nataka mbuzi ya kukunia nazi. Mpya, na iwe ya kukaliwa na wewe. Ile niliyo nayo ni ya mama yangu, hiyo hutaigusa. Utaileta Ijumaa mchana, utaiweka barazani kwa ami, utaikalia ukune nazi mbili, na watu wa Nguvumali wakitoka msikitini wakuone. Najua mwanamume akikalia mbuzi huchekwa. Ulinitukana mlango ukiwa wazi, na majirani walisikia. Nimekaa nao wiki kumi za eda wakinipa pole ya matembele.

Dada amekuficha jambo moja, nami silifichi. Nilikungoja. Kila basi la Horohoro lilipopita nilisema leo limebeba lile neno moja. Likaleta habari za chumvi, likaleta habari za mbaazi. Nilikufundisha kupika barua kwa barua, nikidhani umeelewa kwa nini mwanamke humfundisha kupika mtu aliyemwacha. Jumatano ile nilioga, nikakaa jikoni mpaka alasiri. Sikuwa na hasira tena, na hilo lilinitisha.

Wa Maramba ni mtu mwema. Ana ng'ombe na hajui kuchemsha maji. Atajibiwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Ukiona haya, baki huko.

Mboni

*

Horohoro,
1 Novemba 1955

Kwa Mboni,

Wa alaikumu salamu. Leo ndiyo siku niliyoitia wino mwekundu. Kalenda nimeitoa ukutani, Asheri amewashia moto.

Beberu amerudi kwa mwenyewe. Mbuzi ipo. Ulimi wake umefuliwa na mhunzi wa Kidigo kwa chuma cha lori bovu, meno kumi na moja, nimeyahesabu. Kibao amekichonga Asheri. Alikosa mti mkavu, akabomoa zizi, kwa hiyo utaona alama za misumari. Hizo ndizo za Agosti. Nimeikalia mara tano. Nazi ya kwanza niliikuna pamoja na kidole. Malori matatu yalisimama, madereva wakacheka, mmoja akaniita bibi harusi. Nimemwandikia mzigo wake, nikamruhusu apite. Nikaendelea kukuna.

Nilikuwa nimeelewa, Mboni. Tangu barua ya chumvi nilielewa. Nilichelewa kukujibu kwa kuwa nilitaka jibu liwe zuri, na zuri likaniponza.

Mzee Kombo nimemwandikia, na mashahidi dada atawatafuta. Ijumaa nitashuka kwenye basi kabla ya sala, mchana kweupe, mbuzi kichwani. Nazi mbili ninazo. Matembele nitachuma asubuhi hiyohiyo kwa Wadigo, kwa kuwa yangu yameliwa na aliyestahili. Nipe jiko, maji na sufuria yako moja.

Kisha kaa nami pale barazani. Chumvi weka karibu yako, usiitie. Nikishateremsha, nitakuwekea kidogo kiganjani, na wewe ndiye utakayesema kama yafaa.

Idarusi